Kulala na kulaza: Kiswahili kinavyosaidia, na kinavyoponza, katika Kiingereza cha kila siku

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayowachanganya hata wenye lugha yao, "lie" na "lay" yako mstari wa mbele. Utamsikia Mmarekani aliyesoma hadi chuo kikuu akisema "I'm going to lay down", na mwalimu wa sarufi anakereka. Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana: tofauti ya kulala na kulaza anaijua tangu hajaanza shule. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza.

Anayelala hahitaji kitu kingine katika sentensi: "The child lies on the mat." Anayelaza lazima awe na wa kumlaza: "The mother lays the child on the mat." Kwa lugha ya darasani, "lie" ni kitenzi si elekezi, na "lay" ni kitenzi elekezi. Kuku naye "lays eggs", maana anayaweka chini mayai yake, na akishataga tunasema "the hen has laid".

Balaa linaanza kwenye wakati uliopita, kwa sababu "lie" ikirudi nyuma inakuwa "lay": "Yesterday the child lay on the mat." Na "lay" ikirudi nyuma inakuwa "laid": "Yesterday the mother laid the child on the mat." Kwa hiyo kitenzi cha kulala kinakwenda "lie, lay, lain", na kikiwa kinaendelea ni "lying". Cha kulaza kinakwenda "lay, laid, laid", na "laying". Ipo pia "lie" ya kusema uongo, neno jingine kabisa lenye asili yake, nayo inakwenda "lie, lied, lied". Ukiandika "He lied on the bed" umesema kwamba alidanganya akiwa kitandani. Ukikwama, iseme kwanza sentensi kwa Kiswahili na usikilize kama umetamka kulala au kulaza.

Kufanana huku kuna sababu. Kiswahili kinapotoa "laza" ndani ya "lala", kinatumia kiambishi cha kutendesha ambacho zamani kilikuwa sauti fupi ya i. Sauti hiyo imemezwa, lakini imeacha alama kwenye konsonanti: l ikawa z. Ndivyo "anguka" ilivyozaa "angusha", "kumbuka" ikazaa "kumbusha", na "ogopa" ikazaa "ogofya". Lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi nayo ilikuwa na kiambishi cha kutendesha chenye sauti ya y. Sauti hiyo iliivuta irabu ya mzizi, kisha kiambishi kikachakaa na kupotea, ikabaki irabu iliyogeuka peke yake. Kwa maneno mengine, Kiingereza kiliwahi kunyambulisha vitenzi kama sisi, na mabaki yake yapo hadi leo.

Tazama "sit" na "set": kuketi na kuketisha, ingawa siku hizi "set" imepanuka na kumaanisha kuweka kwa jumla. Tazama "fall" na "fell": kuanguka na kuangusha. Wakata miti "fell a tree", wanauangusha mti, na wakati uliopita ni "felled". Hapo ndipo wengi wanapotea, maana "fell" ni wakati uliopita wa "fall" pia. "The tree fell" ni mti ulianguka wenyewe. "They felled the tree" ni watu waliuangusha.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni "drink" na "drench". Leo tunafundishwa kwamba "drench" ni kulowesha chapachapa, kama mvua inavyomfanya mtu asiye na mwavuli. Lakini maana ya mwanzo ni kunywesha, na hapa hata konsonanti imebadilika, k ikawa ch, kwa sababu ileile ya sauti iliyopotea. Maana hiyo ya kale haijafa. Mfugaji anayeingia duka la dawa za mifugo kununua dawa ya minyoo ya maji, ile ya kumiminiwa ng'ombe au mbuzi mdomoni, atasikia ikiitwa "drench". Hakuna anayemlowesha mnyama, ananyweshwa.

Jozi nyingine ya kuangalia ni "rise" na "raise", kupanda na kupandisha. "Prices have risen" ni bei zimepanda. "The shop has raised its prices" ni duka limepandisha bei. Sentensi "Prices have raised" inasikika sana kwenye mikutano, na kosa lake ni kukosa kitu kinachopandishwa. "Raise" yenyewe waliileta wavamizi wa Skandinavia. Ndugu yake wa Kiingereza cha kale ni "rear", tunayoikuta leo katika kufuga na kulea: "rear goats", "rear children".

Baada ya kiambishi kufa, Kiingereza kilibaki na jozi chache tu kama hizo. Kwingineko mara nyingi kinatumia maneno mawili tofauti. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kujifunza ni "learn", kufunza ni "teach". Hakuna njia ya mkato hapo isipokuwa kuyashika mawili mawili.

Kwenye "borrow" na "lend" kinachotuponza ni kuazima. Neno hili halionyeshi mwelekeo: "Niliazima kalamu kwa Juma" na "Juma aliniazima kalamu" zote ni Kiswahili safi. Ndiyo maana mtu anasema "Can you borrow me your pen?" bila kuhisi kasoro yoyote. Dawa ni kuiweka kando kuazima na kutumia kukopa na kukopesha kwa muda, hata kama kitu chenyewe si fedha. Ningesema "nikopeshe"? Basi ni "lend me". Ningesema "nikope kwako"? Basi ni "borrow from you". Anayetoa "lends to", anayepokea "borrows from". Katika Kiingereza cha kale, "borrow" ilitokana na neno lenye maana ya rehani au dhamana, yaani kuchukua kitu huku umeacha ahadi ya kukirudisha.

Kwenye "remember", kosa la kawaida ni "Remember me to call him". Sahihi ni "Remind me to call him." Lakini usikimbilie kuifuta kila "remember me to" unayoiona. "Remember me to your mother" ni Kiingereza kizuri, cha kizamani kidogo, chenye maana ya nisalimie mama yako.

Tabaka za maneno na tabia zake

Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba kufa na kufariki havisemwi mahali pamoja, ingawa tukio ni lilelile. Kufa ni neno la Kibantu, zito na la moja kwa moja; kufariki limetoka Kiarabu, nalo lina adabu ya matanga na tangazo la redioni. Kungoja na kusubiri, kufika na kuwasili, vivyo hivyo. Tabaka mbili zimekaa ndani ya lugha moja, na sikio la mwenyeji linachagua bila kufikiri.

Kiingereza nacho kina tabaka, ila ni nyingi zaidi. Ya chini kabisa ni ya Wangli na Wasaksoni waliovuka bahari kutoka kaskazini mwa Ujerumani na Denmark katika karne ya 5. Juu yake ikaja ya Waviking, walioanza kuvamia mwishoni mwa karne ya 8 na baadaye wakahamia na kuoa. Hao ndio waliowapa Waingereza maneno ya nyumbani kabisa kama "knife", "egg", "sky", "husband", na hata "they" na "them". Neno "window" ni lao pia, na kwa lugha yao lilikuwa jicho la upepo. Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, akaishinda Uingereza, na kwa karne kadhaa lugha ya ikulu na mahakama ikawa Kifaransa. Juu ya yote wasomi wakamwaga Kilatini na Kigiriki.

Mgongano wa tabaka hizi ulisumbua watu kweli. William Caxton, aliyeleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, alieleza mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokwama mtoni Thames kwa kukosa upepo, wakashuka Kent kutafuta chakula. Mmoja wao aliomba "egges", mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mteja akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui. Mwenzake alipotaja "eyren", mama ndipo akaelewa. "Egges" lilikuwa neno la Waviking, "eyren" la Waingereza wa kale, na Caxton akajiuliza mchapaji aandike lipi. Kama ujuavyo, neno la wageni ndilo lililoshinda.

Faida ya kuzijua tabaka ni kwamba zinakuonyesha uzito wa neno. "Ask" ni la chini, la kila siku. "Question" limetoka Kifaransa, na ukimfanyia mtu jambo hilo anahisi anashukiwa. "Interrogate" ni la Kilatini, na mara nyingi polisi wamo. "Buy" ni kununua. "Purchase" ni kununua kwenye karatasi za ofisi. "Begin" na "commence" hivyohivyo. Shule zetu zimetulea zaidi kwenye maneno ya juu, kwa sababu tulijifunza Kiingereza kwa vitabu kuliko kwa maongezi. Matokeo yake ni barua pepe inayosema "I wish to enquire when the meeting will commence", wakati "What time does the meeting start?" ingetosha na ingependeza. Katika mazungumzo, vitenzi vya tabaka la chini vyenye kijineno nyuma, kama "put off" badala ya "postpone" au "find out" badala ya "discover", ndivyo vinavyosikika vya kawaida.

Kipimo hiki kina mipaka. "People", "face", "uncle" na hata "very" vyote vimetoka Kifaransa, na hakuna vya kawaida kuliko hivyo. "Very" ilianza ikimaanisha kweli au halisi, maana inayobaki katika "the very man I was looking for", mtu yuleyule hasa. Na kwa kuwa tumeitaja: "very" ni sana, "too" ni mno. "The tea is very sweet" inaweza kuwa sifa. "The tea is too sweet" ni lalamiko, sukari imezidi. Ukimwambia mwenyeji wako "You are too kind", ameizoea kama msemo wa shukrani, lakini "Your house is too beautiful" itamfanya ajiulize ubaya uko wapi.

Jambo ambalo walimu wengi hawalisemi ni kwamba tabaka la neno huathiri hata mpangilio wa sentensi. Kwa Kiswahili tunasema nipe, niambie, nionyeshe, nieleze, nipendekezee. Mtendewa anaingia ndani ya kitenzi, tena bila ubaguzi. Kwa hiyo mtu akishasikia "give me", "tell me" na "show me", anaendelea moja kwa moja na "explain me", "suggest me", "describe me". Hapo Kiingereza kinakataa. Vitenzi vya asili ya kale, vifupi, kama "give", "tell", "show", "send" na "lend", vinakubali mtu afuate mara moja. Vitenzi virefu vilivyotoka Kilatini, kama "explain", "suggest", "describe", "announce" na "introduce", kwa kawaida vinataka jambo kwanza, kisha "to", kisha mtu: "Explain the rule to me", "Suggest a good hotel to us", "She introduced her brother to me". Wapo waliovuka mpaka, kama "promise" na "offer", lakini kanuni inakusaidia mara nyingi kuliko inavyokuangusha. Na uwe mwangalifu hasa na "describe me", kwa sababu ni sentensi kamili yenye maana nyingine: eleza mimi nikoje.

Kauli hiyohiyo ya kutendea ndiyo iliyo nyuma ya "I was stolen my phone". Kwa Kiswahili nimeibiwa simu, na ndani ya "ibiwa" mtu na kitu wote wamo. Kiingereza kimegawa kazi. "Steal" inashughulika na kitu: "Someone stole my phone", "My phone was stolen". "Rob" inashughulika na mtu au mahali: "They robbed him", "The bank was robbed". Ukisema "I was stolen" umesema wewe ndiye uliyeibwa, kama mtoto aliyetoroshwa. Kisheria "rob" ina nguvu au vitisho ndani yake. Aliyechomolewa simu mfukoni kwenye daladala bila kujua hakufanyiwa "robbery". Na "rob" ina udugu na "robe", vazi, kwa sababu nguo ilikuwa mojawapo ya nyara za kwanza za mporaji.

Panapoteleza

Kusikia kwa Kiswahili kunabeba karibu milango yote ya fahamu. Tunasikia sauti, harufu, njaa, baridi na maumivu. "Hear" ya Kiingereza ni ya masikio tu. Harufu "you smell", baridi na maumivu "you feel", na njaa "you are hungry" au "you feel hungry". Kusikiliza, yaani kutega sikio kwa makusudi, ni "listen", nayo haiachani na "to" inapotaja kinachosikilizwa: "listen to the radio".

"Sorry" inachanganya kwa namna nyingine, maana inabeba samahani na pole kwa pamoja. Asili yake ni neno moja na "sore", yaani maumivu, wala haikutokana na "sorrow" ingawa zinafanana. Mtu akijikwaa mbele yako Nairobi au Dar es Salaam unamwambia pole, na ukiwa unaongea Kiingereza inatoka "Sorry!" London, aliyejikwaa anaweza kukujibu "It wasn't your fault", kwa sababu ameisikia kama unaomba radhi. Hapo wao huuliza "Are you all right?" Kwa msiba au habari mbaya, "I'm so sorry to hear that" inafaa kabisa. Pole na kazi na pole na safari hazina neno la Kiingereza. Ziache, salimia tu.

Kuhusu "he" na "she" sina la kueleza ila sababu: yeye haina jinsia, kwa hiyo ulimi hauna mazoea ya kuchagua. Kinachosaidia ni kusoma kwa sauti ulichoandika, kwa ajili ya hilo moja tu.

Nomino zisizohesabika ni eneo ambalo ngeli zetu zinatusukuma pabaya. Kwa kuwa tuna shauri na mashauri, kifaa na vifaa, mzigo na mizigo, tunaandika "advices", "equipments", "luggages", "informations". Kiingereza kinayachukulia maneno hayo kama sisi tunavyoichukulia sukari. Huwezi kusema sukari mbili. Utasema kilo mbili au vijiko viwili vya sukari. Basi na wao husema "two pieces of advice", "a piece of equipment", "three pieces of luggage". "News" ina s lakini ni umoja: "The news is good." Na "staff" ni kundi zima la wafanyakazi, mmoja ni "a member of staff", watatu ni "three members of staff". Ukiandika "three staffs", msomaji makini anaona vikundi vitatu vya wafanyakazi, au fimbo tatu.

Kosa jingine ni kuweka kijineno pasipohitajika: "discuss about", "request for", "emphasize on". Kinacholeta mkanganyiko ni kwamba nomino zake zinakihitaji kweli: "a discussion about the budget", "a request for leave", "an emphasis on quality". Kitenzi chenyewe hakikitaki: "discuss the budget", "request leave", "emphasize quality". "Comprise" nayo inabeba maana ya kujumuisha, kwa hiyo "The team comprises six people" inatosha.

Na "tangu" ina mtego mdogo. "Since" inataka mwanzo: "since 2015", "since Monday". Muda wenyewe ni kazi ya "for": "for two years". Ukisema "I have worked here since two years" umechanganya mwanzo na urefu.

Udugu usioonekana

Yapo maneno ambayo Kiingereza na Kiswahili vimechota kisima kimoja, kila lugha kwa njia yake. Sukari na "sugar", kahawa na "coffee" yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni taarifa na "tariff". Yote yanarudi kwenye mzizi wa Kiarabu wa kujulisha. Neno lilipitia Uturuki na Italia kama orodha ya ushuru iliyotangazwa, na Waingereza wakabaki na ushuru. Neno la Kiarabu lililotupa sifuri ndilo lililozaa "zero" na pia "cipher". Sharubati ina undugu na "syrup" na "sherbet", zote kutoka kitenzi cha Kiarabu cha kunywa. Hazina nayo iko ndani ya "magazine", ambayo mwanzoni ilikuwa ghala. Maana hiyo bado iko kwenye bunduki, pale risasi zinapowekwa. Mwaka 1731 Edward Cave wa London alipoanzisha The Gentleman's Magazine, aliliita jarida lake hivyo kwa kuwa lilikuwa ghala la maandishi ya kila aina, na jina likawa la majarida yote.

Sisi nasi tumewapa. "Safari" iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19, lakini huko ikabanwa: ni ziara ya kuwinda au kutazama wanyama. Ukimwandikia Mwingereza kwamba uko "on safari" kwenda Mwanza kwa biashara ya vitenge, ataanza kuwafikiria simba.

Neno risiti nalo linafundisha jambo kuhusu tahajia. Sisi tumeliandika tulivyolisikia, bila p. Waingereza wanaandika "receipt" na hawaitamki p hiyo, kwa sababu wasomi waliiingiza ili neno lifanane na Kilatini. Hivyohivyo b ya "debt": neno lililotoka Kifaransa lilikuwa "dette", na b ikapachikwa katika karne ya 16 kwa heshima ya "debitum". S ya "island" ni mbaya zaidi, maana neno hilo ni la Kiingereza cha kale na halikuwahi kuwa na s. Iliingizwa kwa kudhani lina uhusiano na "isle". Mtoto anayelalamika kwamba herufi hizo hazina kazi ana haki.

Tahadhari kuhusu asili

Asili inaeleza neno, lakini haitawali matumizi yake. "Nice" ilitoka katika neno la Kilatini la kutojua. Ilipoingia Kiingereza ilimaanisha mjinga, ikapita kwenye mtu wa kuchagua sana, kisha kitu cha umakini, na karne ya 18 ndipo ikatulia kwenye kupendeza. "Silly" ilikwenda kinyume: ilianza ikiwa mwenye baraka, ikaishia mpumbavu. "Starve" ilikuwa kufa kwa namna yoyote, "meat" ilikuwa chakula chochote, na "deer" ilikuwa mnyama yeyote. Hakuna anayeruhusiwa leo kumwita jirani "nice" kisha akadai alimaanisha mjinga.

Pia zipo asili za uongo zinazosambaa WhatsApp. Inadaiwa kwamba "news" ni kifupi cha kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza. Sivyo, ni wingi wa "new", mambo mapya. Inadaiwa "tip" na "posh" ni vifupisho vya sentensi ndefu, hakuna ushahidi. Kanuni ya kukushikilia ni kwamba kuunda neno la kila siku kwa herufi za mwanzo ni desturi ya karne ya 20 hasa. Neno likiwa la zamani zaidi, tilia shaka hadithi ya aina hiyo. Isipokuwa "OK", ambayo kweli ni kifupisho: ilichapishwa katika gazeti la Boston tarehe 23 Machi 1839 kama utani wa kuandika vibaya "all correct" kuwa "oll korrect". Kuhusu "salary", ni kweli neno lina chumvi ndani yake, kutoka "sal" ya Kilatini, lakini hakuna maandishi ya Kirumi yanayoonyesha askari wakilipwa chumvi. Mshahara wetu hauna utata wa namna hiyo: ni malipo ya kila mwezi, kutoka neno la Kiarabu la mwezi.

Unapokuwa na shaka, tumia kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, kwa sababu kamusi ya kawaida ya wenyeji huchukulia kwamba tabia za neno unazijua. Usiishie kwenye maana. Tafuta herufi ndogo iliyo kando ya neno: kwenye nomino, C ni ya kuhesabika na U ni isiyohesabika, kwenye kitenzi, T ni kitenzi elekezi na I ni si elekezi. Angalia kijineno kilichoandikwa kwa wino mzito baada ya neno, maana hicho ndicho kinachoandamana nalo. Angalia kama kuna alama ya lugha rasmi au ya mazungumzo. Kisha soma mifano yote miwili au mitatu, na uandike kwenye daftari mfano mzima badala ya neno pekee: usiandike "explain = eleza", andika "explain something to somebody". Kwa "suggest" utagundua jambo la ziada ambalo maana peke yake isingekuambia: haifuatwi na "to" na kitenzi. Si "He suggested to go", ni "He suggested going" au "He suggested that we go".